Kiberiti Nyuma ya Tairi

Kaka yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake, na utundu kidogo nimeuchanganya humo, maana ukipokea heshima tupu kutoka kwangu utadhani naumwa. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wanangu je, wamepona mafua? Mwambie yule mdogo kwamba shangazi yake hajasahau gauni lake. Limebaki pindo tu, nalo nitalimaliza nikipata uzi wa rangi ile ile, kwani yeye ndiye aliyechagua rangi isiyouzwa popote.

Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimu sana. Masikio yake ni yale yale, ukimwambia "leta maji" analeta kiti, lakini macho hayajapungua hata chembe, na ulimi ndio umeongezeka. Siku hizi malalamiko yake makubwa ni viberiti. Anasema maboksi yanapotea jikoni kana kwamba nyumba ina panya wavuta sigara. Njiti amezitia kwenye kikombe, halafu amekata ubavu mmoja wa boksi akaufunga kwenye mkono wa kikombe kwa uzi wangu mzuri wa kudarizi, ili apate pa kukwangulia. Nilipomuuliza kwa nini asinunue kingine, alinitazama akasema cha nini, nacho kitaondoka.

Baba naye anakusalimu. Mwezi uliopita aliniletea mashati yake yote kwa mkupuo, akataka nipanue matundu ya vifungo. Alisema mafundi wa siku hizi wanatoboa matundu ya kupitisha sisimizi. Nilimkumbusha kwamba matatu kati ya hayo nilimshonea mimi. Akajibu kwamba hivyo ndivyo alivyojua. Tukacheka, nikayapanua, nikasahau.

Sasa utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Kaka, unaijua simu ya nyumba hii. Kwa ajili ya Mama tunaiwekea sauti ya juu, kwa hiyo ukizungumza na mmoja umezungumza na ukoo mzima. Siku ile baada ya ajali, uliposema gari la Baba liuzwe, na kwamba kama sisi hatuna ujasiri utakuja mwenyewe mwisho wa mwezi na mnunuzi, Baba alikuwa mlangoni anavua viatu. Alivivaa tena. Alitoka nje akachota maji akaanza kuliosha gari, nalo alikuwa ameliosha asubuhi. Sikukuambia wakati ule kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, halafu nilipotulia nikaona hasira yangu haina miguu, kwa kuwa hata mimi niliogopa kama wewe.

Niliogopa kwa sababu mimi nilikuwapo. Wewe ulisikia tu. Barabara yetu unaijua inavyoteremka, lango letu juu, la jirani yetu Mama Pacha chini upande wa pili. Baba alirudi kutoka sokoni, akasimamisha gari mbele ya lango, akavuta breki ya mkono, akashuka kufungua kufuli huku injini ikinguruma. Nilikuwa dirishani kwenye cherehani yangu. Nililiona gari likianza kurudi nyuma polepole, bila kelele, bila mtu ndani, likavuka barabara na kulipiga pipa la maji la Mama Pacha. Pipa likapasuka. Kaka, wale pacha wake walikuwa pale pale kwenye pipa, wanamwosha mwanasesere, na mama yao alikuwa ndiyo kwanza amewaita ndani kula. Mwanasesere tulimkuta chini ya bampa.

Mama Pacha ni mtu wa watu. Alitoka mbio akamuuliza Baba kama ameumia, akasema pipa lenyewe lilikuwa limeshachoka, akaenda ndani kuwakumbatia wanawe, na huko ndani ndiko nilikomsikia akilia. Baba alibaki amesimama na kufuli mkononi. Alimwambia kila aliyefika kwamba breki ya mkono imelegea, gari limezeeka, waya umevutika. Alisema mara nyingi mno.

Na hapo ndipo palipoumiza, maana unakumbuka Baba ni nani katika habari ya breki ya mkono. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwake akiwa mwalimu wa udereva. Somo lake kubwa lilikuwa ule mlima wa shule: unasimama katikati ya mlima, unavuta breki ya mkono, naye mwalimu anashuka anaweka kiberiti nyuma ya tairi, anarudi kitini kwake, anakuambia ondoka. Ukiondoka bila kukisaga, umefaulu. Ukikisaga, unakinunua. Wewe ulisaga vingi hadi Mama akawa anaomba moto kwa majirani, na Baba akakuita Kinu. Sijui kama wanao wanalijua jina hilo. Nikija nitawaambia.

Basi mtu kama huyo, gari lake limteremkie lenyewe mbele ya majirani! Alimlaumu fundi. Unamjua, yule Fundi Taratibu wa karibu na soko, naye ni mwanafunzi wake wa zamani. Kumbe Baba alikuwa amempelekea gari mara mbili kabla ya ajali, akidai breki haishiki, na fundi alikaza mara zote mbili. Baada ya ajali Baba alimwita mwongo mbele ya wateja wake, akaapa hatakanyaga tena pale. Akaja akaniambia kazi hii tutaifanya wenyewe, yeye na mimi, hapo uani. Alisema ukijua kurekebisha uzi wa cherehani, waya wa breki hauna mapya.

Nilikubali upesi, nami nilikuwa na sababu yangu. Nilijisemea breki ikishika sawasawa, kaka yangu atakosa la kusema, gari litabaki, na Baba atabaki na mahali pa kwenda asubuhi. Sikuwa nawaza zaidi ya hapo.

Jumamosi asubuhi tulilisukuma gari hadi pale panapolala sawa. Tukazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, mbele na nyuma. Tukainua nyuma kwa jeki, tukaliketisha juu ya magogo mawili manene, na Baba akalitikisa hadi akaridhika kwamba halichezi. Alikuwa na furaha, Kaka. Alinifundisha kana kwamba nimelipa ada. Alisema breki ya mkono ina mambo mawili tu: ukiiachia, tairi lizunguke kwa mkono bila kinyongo, ukiivuta, tairi ligome. Ndani ya kile kishikio kuna meno, kila jino linalia linapopandwa, na breki yenye afya inashika kwenye la tano au la sita. Ikishika mapema mno umeikaza kupita kiasi, itakwaruza mwendo mzima na kuungua. Ikichelewa, imelegea. Akaingia kwenye kiti cha dereva ili avute, mimi nikajilaza chini na spana, karibu na nati inayokaza waya.

Nilimwambia avute. Nikasikia jino moja, la pili, kisha kimya. Akasema tayari. Nikazungusha tairi, likazunguka. Nikakaza nati. Nikamwambia aachie, avute tena. Moja, mbili, kimya. Akasema tayari, safari hii kwa sauti ya kukereka. Tairi likazunguka. Nikakaza tena. Nilishangaa kidogo kuona nati imeshafika karibu na mwisho wa njia yake, lakini nilijiambia waya wa zamani umevutika, kama Baba alivyosema. Tukaendelea hivyo. Kila mara meno mawili, kila mara tayari, nami nakaza. Mwishowe nikashika tairi wakati breki imeachiwa, likanigomea. Halikuzunguka hata kidogo. Breki imeachiwa, na gari limefungwa! Cherehani nayo iko hivyo, uzi ukikazwa kupita kiasi kitambaa kinajikunja, lakini mkazo wenyewe unauona. Hapa kila Baba alipovuta, mkazo haukufika kwenye tairi.

Nilitoka chini, nikafungua mlango wa upande wa abiria, nikamwomba aniachie nijaribu mimi. Nikakivuta kile kishikio. Hakikusogea ila jino moja, kikasimama kama kimepigwa msumari. Nikanyanyua macho nimwambie Baba tumekosea, tumekaza mno. Kulikuwa na baridi ile asubuhi, Kaka, na Baba alikuwa anatiririka jasho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya paja, kiganja juu, vidole vimekunjika nusu, kama kitu cha mtu mwingine alichopewa ashike kwa muda.

Nikakumbuka matundu ya vifungo.

Nilirudi chini ya gari nikaanza kuilegeza ile nati, polepole, hadi tairi likazunguka bila kinyongo. Nililia kule chini. Mama aliponiona macho baadaye nilimwambia ni mafuta ya gari, naye akasema mafuta ya gari yanaingia macho mawili kwa pamoja siku hizi. Nilipomaliza nilirudi mlangoni, nikavuta mwenyewe mbele yake, meno yakalia hadi la tano, tairi likagoma. Nikaachia, likazunguka. Kisha nikamwambia Baba kwamba breki ni nzima.

Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akautazama usukani, kisha akasema basi, na Taratibu naye atakuwa alijua.

Alijua. Nilimwendea siku iliyofuata kumwomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Alisema tangu mara ya kwanza aliona breki haina kasoro, lakini atamwambiaje mwalimu wake kwamba breki ni nzima, maana yake si ingekuwa kumwambia kasoro iko kwake mwenyewe? Kwa hiyo alikaza kidogo, kwa heshima. Mara ya pili akakaza kidogo tena. Nilitaka kumgombeza, nikakumbuka kwamba mimi nilipanua matundu ya mashati yote bila hata kuuliza, basi nikamshukuru nikaondoka.

Siku ile ile ya Jumamosi Baba aliniambia yote, tukiwa tumekaa juu ya yale magogo. Alisema ilianza asubuhi moja ya majira ya baridi. Aliamka mkono wa kushoto umelala, akadhani ameulalia. Ulirudi, lakini haukurudi wote. Kwa kuwa tunasalimiana kwa wa kulia, tunakula kwa wa kulia na tunaandika kwa wa kulia, hakuna aliyeona. Gia alizisukuma kwa kiganja. Breki ya mkono peke yake ndiyo ilimuumbua, kwa sababu ile inataka kushikwa hasa. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema kifo hakimtishi, kinachomtisha ni kukaa. Akasema watu wakishakunyang'anya ufunguo, kinachofuata ni kukuuliza kila saa kama umekula. Kaka, nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa karibu kumuuliza kama amekula.

Jioni nilisafisha gari ndani. Chini ya kiti cha dereva, nyuma kabisa, nilikuta viberiti vya Mama. Vyote vimesagwa, bapa kama majani ya chai ya jana. Alikuwa anakwenda mlimani asubuhi kabla shule haijafunguliwa, anasimama, analizima gari kwenye gia, anashuka, anaweka kiberiti nyuma ya tairi, anarudi kitini, anavuta breki kwa mkono ule, anajitahini mwenyewe. Hakuna hata kimoja kilichosalimika. Nilimpelekea Mama ndani ya kanga, nikavifungua mbele yake. Hakushtuka. Alisema alimwona siku ya kwanza akimimina njiti mezani na kutia boksi mfukoni, na mtu aliyefundisha mji mzima hawezi kuulizwa anapeleka wapi kiberiti. Ndiyo maana alitafuta kikombe.

Nimempeleka hospitali, usitishike. Daktari amesema ulikuwa kiharusi chepesi, na kilipita kikiacha alama. Amempa dawa za shinikizo la damu, na mpira wa kuminya kila siku. Amesema mkono unaweza kurudi kwa sehemu, na kuendesha asiendeshe kwanza. Baba aliitikia kwa adabu sana. Tulirudi nyumbani kwa miguu, akaweka ufunguo mezani, akaenda kulala mchana. Baba, kulala mchana! Siku zile chache zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ajali. Hakulalamika. Alikaa. Alichoniambia kuwa anakiogopa, tulikuwa tunakitazama sebuleni na mpira mkononi.

Aliyetuokoa ni Mama. Alikuwa anachambua mchele, akasema kwa sauti yake ile ya kiziwi inayofika hadi kwa Mama Pacha, kwamba haelewi sisi tunaomboleza nini. Alisema katika miaka yote ya kazi ya huyu mzee, hakuwahi kumwona kwenye kiti cha dereva. Wanafunzi ndio waliokaa pale. Yeye alikaa kushoto, na kutoka kushoto huko alileta mkate wa nyumba hii na ada zetu za shule. Kiti kile si kipo? Na pedali yake ya breki, ile ya mwalimu, si ipo bado pale chini? Au tuliing'oa tukaiuza kwa chuma chakavu?

Ipo, Kaka. Ulisahau kwamba alipostaafu alilinunua gari lile lile la shule ya udereva? Hata mimi nilikuwa nimesahau. Ile pedali ya upande wa abiria tulikuwa tunawekea mfuko wa vitunguu.

Basi jana jioni nilikaa kulia, kwenye usukani. Mimi ambaye sijaendesha tangu nilipopata leseni nikairudisha kabatini. Baba alikaa kushoto, akavuta kiti mbele, akajaribu pedali yake kwa mguu, akanyoosha kola. Tukatoka langoni, tukazunguka, tukapandisha barabara yetu. Mbele ya lango la Mama Pacha kuku akakatiza, nikakanyaga breki, nikachanganya miguu, injini ikazima. Pacha walikuwa nje. Nilimwona mmoja kwenye kioo, na nilihisi gari linaanza kurudi, na miguu yangu, wallahi, sikujua iko wapi.

Nikasikia meno. La kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano, mfululizo, kwa nguvu, kama mtu anayepasua kuni kavu. Gari likasimama tuli mlimani.

Nikageuka. Mkono wa Baba ulikuwa umekamata breki, mkono wake wa kulia. Kaka, fikiria kidogo kile kiti. Usukani wetu uko kulia, breki ya mkono iko katikati. Mtu akiketi kwa dereva anaivuta kwa kushoto. Mtu akiketi kwa mwalimu anaivuta kwa kulia. Miaka yake yote ya kufundisha alikuwa anaivuta kwa mkono huu, mkono mzima. Wala pedali yake hakuikanyaga, nadhani alitaka nisikie. Hakunigombeza. Aliutazama mkono wake juu ya kishikio, kisha akasema kwa ile sauti aliyokuwa akikufundishia wewe Kinu, kwamba tuanze upya, na kwamba nitulie, gari halina mahali pa kwenda.

Alishuka, akatoa kiberiti mfukoni, akakiweka nyuma ya tairi. Pacha walisogea kutazama, akawasimamisha ukutani kwa kidole. Akarudi, akafunga mlango, akaniambia ondoka. Sitakudanganya kwamba niliondoka vizuri. Gari lilikohoa na kurukaruka. Lakini lilikwenda mbele. Alipokwenda kukiokota kile kiberiti alikitazama pande zote, akakitikisa karibu na sikio ingawa hakina njiti. Usiku Mama alikikuta mezani kando ya kikombe chake, na hakumuuliza kitu.

Kwa hiyo, kaka yangu, mwisho wa mwezi njoo, lakini njoo bila mnunuzi. Lete wanao, yule mkubwa ameshafikia kimo cha kukanyaga klachi, na babu yake amekwisha kuniuliza mara mbili ana umri gani. Ukipiga simu usimuulize habari ya mkono, na nakuomba sana usimuulize kama amekula. Muulize mimi naendeshaje. Jibu lake litakuwa refu.

Msalimie wifi, wabusu wanangu, na wewe mwenyewe ujitunze. Mama anasema tusikutume vitu vingi, uje na viberiti tu, na uvilete vya kutosha, kwa sababu Kinu naye atapandishwa mlima upya.

Ndimi mdogo wako akupendaye, asiyefaulu bado,
Sindano